Funguo Tatu za Sanduku Moja



Somo hili ni refu kidogo. Lisome kwa siku mbili au tatu. Ukichoka, weka alama mahali ulipofika, kisha pumzika. Mkiwa darasani, mmoja asome na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili.

SANDUKU LA AKINA MAMA

Katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi yangu ya kisomo, akina mama wana sanduku la chuma. Sanduku ni dogo, limepakwa rangi ya kijani. Lina kufuli tatu. Kila kufuli ina ufunguo wake, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Huyo wa nne hana ufunguo wo wote.

Kila Jumatano saa kumi alasiri akina mama hukutana chini ya mkorosho. Mtunza sanduku huliweka katikati. Wenye funguo husogea mmoja mmoja. Kufuli ya kwanza hufunguliwa, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fedha humwagwa juu ya kitambaa, zikahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kila mama hununua hisa zake, na hisa hizo hupigwa mhuri katika kitabu chake kidogo. Mwenye kutaka mkopo husimama, akasema anataka shilingi ngapi na kwa kazi gani. Mwishoni fedha huhesabiwa tena. Kila mmoja hutakiwa kuikumbuka jumla hiyo kichwani mpaka Jumatano ifuatayo. Ndipo sanduku linafungwa.

Siku ya kwanza nilipoona mambo haya niliuliza swali. Baadaye nililionea aibu swali langu.

Niliuliza, "Mama zangu, ninyi ni majirani. Wengine wenu ni ndugu wa tumbo moja. Mbona mnawekeana kufuli tatu? Hamwaminiani?"

Walicheka. Kisha bibi mmoja, ambaye ndiye mtunza sanduku, akanijibu.

"Mwalimu, kabla ya sanduku hili tulikuwa na mweka hazina mmoja. Fedha zilikaa nyumbani kwake, chini ya mto. Alikuwa mtu mwaminifu, wala sitasema vingine. Mwaka ule mjukuu wake akaugua usiku. Gari la kukodi linataka fedha, na yeye hana. Fedha zetu zipo pale chini ya mto. Wewe ungefanya nini?"

Sikujibu.

"Alizichukua," bibi akaendelea. "Alikusudia kuzirudisha akiuza ufuta. Mvua ikakataa. Ufuta haukutoka. Hakurudisha. Leo ukikutana naye njiani, anapita upande wa pili. Tulipoteza fedha, na mtu tukampoteza. Kufuli hizi, mwalimu, zinamlinda mwenye ufunguo."

Nimekwenda semina nyingi katika kazi yangu. Sijapata kusikia jambo la madaraka likielezwa vizuri kuliko hivyo.

KUMWAMINI MTU NA KUMWACHIA MTU

Kuna maneno mawili ambayo tunayachanganya. Tunasema, "Namwamini mwenyekiti wetu." Na tunasema, "Mambo yote tumemwachia mwenyekiti." Haya si maneno mamoja.

Ukimpa jirani mbuzi akutunzie, umemwamini. Mbuzi huyo ni amana. Mtaelewana kama jirani atakunywa maziwa. Mbuzi akizaa, mtoto ni wako. Mbuzi akiugua, jirani atakuja kukuambia. Nawe utakwenda mara kwa mara kumwona mbuzi wako, na jirani hatakasirika. Akikasirika kila ukienda kumwona, anza kuwa na wasiwasi.

Lakini ukimpa jirani mbuzi, usiende tena, usiulize, ukakaa miaka mitano, hapo umemwachia. Siku utakapokwenda, huenda jirani mwenyewe amekwisha sahau kwamba mbuzi ni wako. Si lazima awe mwizi. Kitu kikikaa mkononi mwa mtu muda mrefu bila kuulizwa, mkono wenyewe hukizoea.

Mamlaka ya kijiji nayo ni kama mbuzi huyo. Mhuri wa kijiji si wa mwenyekiti, wala si wa afisa mtendaji. Ni amana iliyo mkononi mwao. Mwenye mali ni nani?

Sheria inamtaja. Ni Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982. Sheria hiyo inasema kwamba chombo kikubwa kuliko vyote katika kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni watu wote wakazi wa kijiji waliotimiza miaka 18. Maana yake ni wewe, mkeo au mumeo, jirani yako, na kijana wako mkubwa. Hata mtu asiyejua kusoma ni mjumbe kamili.

Halmashauri ya kijiji iko chini ya mkutano huo. Ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao angalau wawe wanawake. Halmashauri inafanya kazi za kila siku. Mkutano mkuu hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo halmashauri inatakiwa kueleza kazi zake, pamoja na mapato na matumizi ya fedha za kijiji. Mkisikia "fedha zimekwisha" bila kusomewa zilivyokwisha, hamjasomewa kitu.

Juu ya ardhi, sheria imesema wazi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Inasema kwamba halmashauri isimamie ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali ya watu wengine. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Na katika kila mkutano wa kawaida, halmashauri itoe taarifa ya ardhi na kusikiliza maoni ya wanakijiji.

Hizo ndizo kufuli za kijiji. Sasa nitasimulia jinsi kufuli moja ilivyofunguliwa bila ufunguo.

DOLE GUMBA LA MAMA MMOJA

Kijiji ni kile kile cha sanduku la kijani. Mmoja wa wale wenye funguo ni mama wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa katika mwaka wa pili wa kisomo. Alikuwa amekwisha pita hatua ya silabi, anasoma sentensi fupi. Kuandika jina lake alikuwa amejua tangu mwaka uliopita, na kila alipopata karatasi aliliandika.

Siku moja niliwaambia wanakisomo walete maandishi ya kijijini tuyasome. Mmoja alileta mfuko wa mbolea. Mwingine alileta tangazo la chanjo. Mwingine alikwenda kwa afisa mtendaji, akaazima kitabu cha muhtasari wa mikutano. Mtendaji huyo alikuwa mgeni, ana miezi mitatu tu pale. Alikitoa bila shida.

Tukafungua kitabu, tukasoma kwa zamu. Tulifika kwenye mkutano mkuu wa tarehe 14 Agosti. Kijana mmoja akasoma polepole, akifuata maneno kwa kidole: mkutano umeridhia kwamba mgeni fulani apewe ekari 150 za bonde kwa kilimo cha mpunga.

Darasa likanyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Bonde lipi?"

Kijiji kile kina bonde moja tu.

Wakafungua ukurasa wa mahudhurio. Hapo kulikuwa na majina mengi. Mbele ya kila jina kulikuwa na sahihi au alama ya dole gumba. Yule mama akaanza kutafuta jina lake. Alilipata katika namba 41. Mbele yake palikuwa na dole gumba, wino wa bluu.

Mama alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi tangu nijue kuandika jina langu sijaweka dole mahali po pote."

Akatoka, akaenda nyumbani mbio. Aliporudi alikuwa na kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Akaiweka mezani kando ya kitabu, akasoma mwenyewe, bila kusaidiwa: amezaliwa tarehe 14 Agosti. Siku ile mama alikuwa mjini hospitalini, amemshika binti yake mkono. Kijijini hakuwapo.

Wengine nao wakaanza kutafuta majina yao. Walikuwamo waliokuwa shambani siku hiyo. Alikuwamo mtu aliyehamia mjini. Alikuwamo, Mungu amrehemu, mtu mmoja ambaye alizikwa mwezi wa tano.

Mwanakisomo, kuweka dole au sahihi kwa jina la mtu asiyekuwapo kunaitwa kughushi. Kughushi ni kosa la jinai.

NYUMBANI KWA MAMA

Jambo hili lilikuwa zito kwa mama yule kuliko kwa wengine. Mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yake, mdogo wa mume wake. Jioni ile mumewe alikwisha pata habari. Mama mwenyewe alinisimulia maneno yao, na mumewe baadaye hakuyakana.

Mume alisema, "Mama watoto, jambo lile liishie darasani. Yule ni ndugu yangu."

Mama akajibu, "Ni shemeji yangu pia. Nimempikia tangu hajaoa."

"Basi ukisimama mkutanoni unanivua nguo mbele ya watu."

"Dole lile si langu, baba watoto. Nani amelikata dole langu akaenda nalo mkutanoni?"

Mume akakaa kimya. Kisha akasema, "Naona ule ufunguo wa sanduku umekupa kichwa. Nipe."

Mama akasema, "Ungekuwa wangu ningekupa. Si wangu. Wa watu ule."

Tusimfanye mume huyu mtu mbaya. Mdogo wake ndiye aliyemlipia ada za watoto mwaka ule korosho zake zilipokosa bei. Aliogopa kumpoteza ndugu. Lakini tazama alilotaka. Alitaka mkewe anyamaze ili nyumba iwe na amani, na alitaka amana ya watu wengine iingie mfukoni mwake kwa sababu tu mwenye kuishika ni mkewe. Mkubwa wa kijiji alichukua dole la mama bila kumwuliza. Mkubwa wa nyumba alitaka kuchukua ulimi wake. Mimi sioni tofauti kubwa.

Wapo wanaosema kwamba sheria haingii nyumbani. Imeingia siku nyingi. Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kuwa na mali yake na kuiuza. Inasema mtu asiuze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Inasema pia kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake ati ni kumwadibisha. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya familia.

Jumatano iliyofuata mama aliwaeleza wenzake habari ya ufunguo. Hakuficha. Aliwaambia, "Mkiona nyumba yangu si salama, mpeni mwingine." Walishauriana kidogo, wakamwachia ufunguo wake.

KITABU CHANGU CHA MAHUDHURIO

Hapa inanibidi niseme habari zangu. Nikimnyoshea mwenyekiti kidole bila kusema haya, nitakuwa mnafiki.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na darasa lenye watu 38 kitabuni. Chini ya mti walikuwa 17. Kila mwisho wa mwezi nilitia alama ya vema kwa wote 38. Sikuiba hata shilingi. Niliona haya tu kupeleka taarifa mbovu, na nilijiambia kwamba wale wengine watarudi.

Wilayani walifurahi. Kwa kuwa walifurahi, hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini watu 21 wameacha. Angekuja mtu tungewauliza wenyewe, na wangetuambia kwamba darasa ni saa nane mchana, na saa nane ni wakati wa kuchota maji. Hilo nililijua baada ya mwaka mzima, kwa kuambiwa na mtoto. Darasa tulilihamishia saa kumi na moja, na wengi walirudi. Lakini mwaka mmoja wa watu 21 nilikwisha upoteza, kwa kalamu yangu.

MZEE ANAYEKUMBUKA MWAKA 1974

Tulipokuwa tukijadili habari ya bonde, mzee mmoja darasani alitukumbusha mambo ya zamani. Alisema, "Hamkuanza ninyi kusemewa kwamba mmekubali."

Vijana hawakuelewa. Basi nikawaeleza, na mzee akanisahihisha nilipokosea.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya uhuru na maendeleo. Alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulimkataza kiongozi asiwe na majivuno, dharau wala uonevu. Haya yalikuwa maneno mazuri, na watu waliyaamini.

Kisha mwezi Novemba mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla mwaka 1976 haujaisha. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wengine walihama kwa hiari yao. Wengine walihamishwa na mgambo, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi.

Mzee alisema yeye alipakiwa katika lori na mkewe, kuku watatu na mtungi. Mtungi ulivunjika njiani. Mikorosho yake ilibaki mbali, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Msimu wa kwanza alikwenda kuokota. Msimu wa pili pori lilikuwa limeanza kuila.

Hakuwa peke yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000 za korosho. Miaka iliyofuata mavuno yalianguka vibaya, na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mikorosho yao kulikuwa sababu mojawapo.

Nikamwuliza mzee kama hakuna jema lililotoka humo. Akasema lipo. Watoto wake walisoma shule iliyojengwa katika kijiji kipya. Zahanati ilikuwa karibu. Hata kisomo kilianza hapo, ingawa yeye alikuwa na hasira na hakwenda, ndiyo sababu anasoma leo akiwa mzee. "Mimi sisemi kijiji kilikuwa kibaya," alisema. "Nasema wangeniuliza. Huenda ningekubali. Ningewaonyesha mahali pa kukiweka, karibu na mikorosho."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika ubaoni. Darasa zima waliinakili.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba ya Tanzania. Ibara ya 18 inataja uhuru wa kutoa maoni. Ibara ya 21 inataja haki ya mwananchi kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi, na katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Mzee aliposomewa hiyo ya 21 aliomba isomwe mara ya pili.

SIKU YA MKUTANO

Mtendaji mgeni alipigiwa kelele na baadhi ya wakubwa wa kijiji kwa kutoa kitabu. Hata hivyo mkutano mkuu uliitishwa. Watu walikuja wengi kuliko siku zote, wengine kwa ajili ya bonde, wengine kutazama ugomvi.

Mama yule alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma walidai aseme kwa nguvu. Hakumwita mtu mwizi. Alisoma tarehe katika kitabu, akasoma tarehe katika kadi ya mtoto, akakaa.

Mwenyekiti alijitetea. Nami nitayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa kuwa ni haki yake. Alisema hakula fedha ya mtu. Mgeni aliahidi kuezeka upya paa la zahanati na kuchimba kisima. Mkutano wa Agosti uliitishwa kweli, lakini walikuja watu 29 tu, na karatasi za wilayani zilitaka watu wengi. "Mara ngapi nimeita mikutano hapa mkakaa majumbani?" aliuliza. "Mnasema, mwenyekiti atatuambia. Basi niliamua kwa ajili yenu. Nilijua mnaniamini."

Watu walinung'unika, lakini si kwa nguvu, maana suala la mikutano lilikuwa kweli. Hata mimi nilitazama chini. Kijiji hiki kilikuwa kimemwachia mwenyekiti mambo yake kwa miaka mingi, kisha kikashangaa kumkuta na mbuzi.

Lakini jibu lake lina kasoro, na kijana mmoja mvuvi aliiona. Alisema, "Mwenyekiti, kama ulijua tunakuamini, kwa nini hukuandika 29?"

Mwenyekiti hakujibu.

Zilipigwa kura kwa kunyosha mikono. Wengi walitaka habari ya bonde ianze upya, na mgeni aje mwenyewe aeleze atatumia sehemu gani, kwa miaka mingapi, na akina mama wenye majaruba ya mpunga watakwenda wapi. Mume wa yule mama alikuwa amekaa mbali na mkewe, karibu na ndugu yake. Mkono wake ulinyanyuka nusu. Wenzake wanamtania mpaka leo kwamba alipiga kura. Yeye anasema alikuwa anajikuna.

Wengine walitaka mwenyekiti apelekwe polisi. Mkutano haukukubali. Wazee walisema ataomba radhi hadharani, na uchaguzi ukifika watu wataamua. Aliomba radhi. Mimi sikuridhika sana. Kosa la jinai si la kumalizwa kwa radhi peke yake, na mtu mdogo angefanya vile angeona siku hiyo hiyo. Lakini mimi ni mgeni pale, na wao ndio wataendelea kuzikana.

Uchaguzi wa serikali za vijiji hufanywa kila baada ya miaka mitano. Ulifanywa mwaka 2014, mwaka 2019, na mwaka 2024. Uchaguzi uliofuata baada ya mambo haya, mwenyekiti yule hakugombea.

Mgeni wa ekari 150 hakurudi kueleza. Bonde lipo, na mpunga unalimwa. Kisima hakikuchimbwa. Paa la zahanati linavuja, na siku za mvua wagonjwa huwekwa upande mmoja. Wako watu wanaosema paa linavuja kwa sababu ya yule mama. Yeye anasikia. Wakati mwingine anasema huenda kweli mgeni yule angeezeka. Halafu anauliza, "Na mimi ningelima wapi?"

Siku hizi taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa ukutani, nje ya ofisi ya kijiji. Nilipopita mwezi uliopita nilimkuta mama amesimama hapo na mtoto yule wa kadi ya kliniki, ambaye sasa anatembea. Alikuwa anaijumlisha kwa vidole. Aliniambia kuna shilingi elfu sita ambazo hazionekani, na anamngoja mtendaji arudi kutoka wilayani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bibi alisema kwamba kufuli zinamlinda mwenye ufunguo? Je, katika kijiji chenu kuna mtu anayeshika fedha za watu peke yake?

2. Mwenyekiti alisema, "Niliamua kwa ajili yenu." Ni wakati gani kiongozi anaweza kuamua kwa ajili ya watu, na ni wakati gani hawezi?

3. Mume alimwomba mkewe anyamaze. Kama ungekuwa wewe, mume au mke, ungefanya nini? Akina baba na akina mama wajadili kwanza mbali mbali, kisha pamoja.

4. Mkutano mkuu wa mwisho katika kijiji chenu ulifanyika lini? Wewe ulikuwapo? Ulisoma nini ukutani?

5. Zahanati inavuja na bonde limebaki. Je, wanakijiji walifanya vizuri kukataa, au wangeafikiana na mgeni kwanza?

KAZI YA KUFANYA

Azimeni kitabu cha muhtasari wa mikutano ya kijiji. Someni ukurasa mmoja wa mahudhurio. Kila mtu atafute jina lake.